Miarobaini ya mtaa wetu inaisha na watu wanaangalia tu. Nianzie wapi kuwashirikisha wakazi? (Dodoma)

MamaKivulini (mwanzisha uzi), Juni

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri wa dhati, hasa kwa mlioko Dodoma, Singida na Kanda ya Kati kwa jumla, maana anayelijua jua letu la mwezi wa kumi ndiye atakayenielewa haraka.

Naishi kata moja ya zamani, siyo mbali na katikati ya jiji. Baba alihamia hapa kikazi enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa 1973. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka siku miche ya mwarobaini ilipopandwa mtaani kwetu, mmoja mmoja kando ya barabara ya vumbi. Ule wa mbele ya kwetu baba aliuzungushia matawi ya miiba kuzuia mbuzi, na kila jioni maji tuliyoogea sisi watoto yalikwenda pale. Ukiyamwaga kwingine umejitafutia maneno. Leo nikilikumbatia shina lake mikono yangu haikutani.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka soko la Majengo saa sita mchana nikakuta miarobaini mitatu ya upande wa pili imelala chini. Kulikuwa na mafundi wanachimba mtaro, mizizi ikawachelewesha, wakaikata miti. Watu hawakupungua 15 pale, wamesimama wanatazama, wengine wanasubiri kuni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kibali kimetoka wapi. Aliyelia ni mama mmoja mkaanga chapati, kwa sababu meza yake ilikuwa chini ya mti wa katikati. Kesho yake alikuja na mwavuli, akavumilia siku mbili, siku ya tatu hakuonekana.

Tangu hapo sijatulia. Nimezunguka mitaa yetu mitatu na daftari. Miti iliyosimama ni 58, visiki ni 21. Na hiyo iliyosimama mingi ni majeruhi. Kuna mmoja jirani na genge, takataka huchomwa shinani mwake kila jioni. Gome la upande ule limekuwa jeusi na limepasuka, ukiligonga kwa kidole linalia kama debe tupu, na mchwa wameshajenga njia yao ya udongo mpaka kwenye panda. Mwingine walipopanga pevingi za fremu waliumwagia zege mpaka shingoni. Wa kona una misumari 17 ya matangazo ya waganga na vyumba vya kupanga. Niliihesabu.

Kupanda tulishajaribu. Aprili ya mwaka jana tulipanda miche 40, watu walijaa, picha zikapigwa. Septemba ilikuwa imebaki 6. Nikapita nyumba kwa nyumba kuuliza kwa nini hamkumwagilia. Jibu karibu kila mlango lilikuwa hilohilo: hiyo miti ni ya serikali, serikali itakuja kumwagilia.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa. Bajeti hatuna. Mji nao umebadilika: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Nusu ya majirani zangu ni wapangaji waliofika juzi, hawajui nani alipanda mti upi. Nawafikiaje hawa? Niitishe mkutano? Tuwalipe watu? Na hivi visiki niving'oe nipande upya, au kuna namna? Nisaidieni, nataka kuanza kabla mvua hazijafika.

Chipukizi_Nkuhungu

Pole sana mama. Huku pembeni hatuna hata cha kukatwa. Viwanja vilipopimwa tingatinga lilisafisha kila kitu, migunga, mikwaju, yote. Nyumba zimependeza lakini saa nane mchana mtoto hawezi kucheza nje. Nafuatilia uzi huu kwa makini.

MzeeWaKitalu

Mbukwenyi. Nimefanya kazi za misitu mkoani hapa hadi kustaafu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa kirefu.

Kwanza hiyo Aprili. Mvua zetu huanza Desemba, zikichelewa Januari, na Aprili zinaaga. Kwa mwaka mzima tunapata milimita 500 hadi 600 hivi, tena kwa vishindo vichache. Tarehe 1 Aprili ni Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, na kwa mikoa ambayo masika ndiyo yanaanza ni tarehe nzuri sana. Kwetu, mche wa Aprili unapata wiki chache za unyevu, halafu unakabidhiwa miezi saba ya ukame na upepo wa Julai na Agosti unaokausha mpaka macho. Majirani zako mliwapa mzigo mzito kuliko mlivyodhani. Chimbeni mashimo Oktoba na Novemba, sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu uwekeni kando uchanganywe na samadi iliyooza. Mvua ikishanyesha, ingiza mkono kwenye shimo: udongo ukiwa umelowa mpaka usawa wa kiwiko, panda siku hiyohiyo. Mvua ya miezi minne ifanye kazi ambayo mlikuwa mnataka ndoo ifanye.

Pili, na hapa ndipo nakusihi: usiving'oe visiki. Hivyo 21 ndio mtaji wenu mkubwa kuliko miche yoyote mtakayopewa. Mwarobaini ukikatwa unachipua, kwa sababu chini kuna mzizi wa miaka 40 unaojua maji yalipo. Tatizo ni kwamba unatoa vichipukizi hata 30, vinanyang'anyana chakula, mwishowe kinabaki kichaka ambacho mbuzi wanakimaliza. Chagua vitatu au vinne vilivyonyooka, vinavyotokea chini karibu na ardhi, vingine ondoa kwa kisu kikali. Funga kitambaa chenye rangi ili kila mtu ajue kisiki kile kina mwenyewe. Baada ya mwaka bakiza kimoja au viwili. Kisiki cha namna hii, kikilindwa, mwaka wa pili kinamzidi mtu mzima kimo bila kumwagiliwa.

Siyo maneno yangu tu. Vijijini kwetu jambo hili linaitwa Kisiki Hai, na tangu 2018 shirika la LEAD Foundation na wenzao wa shirika la Justdiggit wamelifundisha kwa wakulima wengi wa mkoa huu. Mbinu yenyewe ilisambaa kutoka Niger miaka ya 1980 kupitia Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia. Sioni kwa nini ikubali shambani ikatae mtaani, ilimradi kisiki kisichomwe moto na kisichimbuliwe kwa ajili ya mkaa.

Kuhusu mchwa: mche mchanga msiuwekee majani makavu yakagusa shina, mnawatandikia meza. Acheni nafasi ya kiganja kuzunguka shina, mwageni majivu hapo. Na kumwagilia, dumu moja la lita 20 kwa wiki, polepole mpaka linywewe lote, ni bora kuliko kikombe kila siku. Kikombe kinalowesha vumbi la juu, mizizi inapanda kukifuata, jua linaikuta hukohuko.

Fremu_Mbili

Naomba niseme upande ambao pengine hamtaupenda. Mimi nilikata mti mbele ya fremu zangu.

Mizizi ilinyanyua baraza, majani yakaziba mfereji wa bati, kibao cha duka hakionekani, na usiku vibaka walikuwa wanajibanza pale. Nilitaka upunguzwe tu matawi. Ofisi niliyoelekezwa ikanielekeza nyingine, hiyo ya pili ikanirudisha ya kwanza, miezi minne imepita. Nikamlipa kijana 30,000 akauangusha alfajiri.

Sitasema nimefurahi. Fundi cherehani aliyekuwa amepanga fremu ya upande wa magharibi alihama baada ya miezi miwili, kuanzia saa saba jua linampiga usoni na mashine inakuwa ya moto haishikiki. Fremu ile imekaa tupu tangu hapo. Lakini nakuomba mama uelewe: ungekuja kwangu wakati ule ukaniambia mti ni uhai, ningekusikiliza kwa heshima zote, halafu ningeendelea na mpango wangu. Ungekuja na mtu anayejua kupunguza matawi na kibali chake mkononi, ningemlipa hiyo 30,000 na soda juu.

FundiMatawi

Mkuu Fremu_Mbili umesema kweli tupu, na watu kama wewe ni wengi. Kazi yangu ni kupogolea miti, nimeifanya miaka tisa, na mingi niliyoitwa kuikata ilikuwa haihitaji kukatwa.

Mti unaoficha kibao unapandishwa kilemba: unatoa matawi ya chini mpaka kimo cha mita tatu hivi, duka linaonekana, kivuli kinabaki. Mwizi hana pa kujibanza kwa sababu shina liko wazi na taa ya barazani inapita. Kosa kubwa la hapa Dodoma ni kukata kichwa. Mtu anaupiga mti shoka juu anabakiza nguzo, anasema utachipua. Ndiyo, unachipua, lakini vile vijiti vipya vimeshikilia gome tu, havina mzizi ndani ya mti. Upepo wa Agosti ukija ndivyo vinavyoangukia magari, halafu mti unasingiziwa kuwa ni hatari.

Tawi nene halikatwi kwa mara moja. Unaanza kwa kulikata kidogo chini, futi moja kutoka shinani. Unasogea mbele kidogo unakata kutoka juu, tawi linaanguka bila kuchuna gome. Kisha kile kipande kilichobaki unakikata karibu na shina, ukiacha ile shingo iliyovimba kidogo tawi linapotokea. Hiyo shingo ndiyo inayofunga kidonda. Ukiikata pamoja na tawi, kidonda hakifungi, maji yanaingia, mti unaoza kutokea ndani.

Mitaro: fundi akihamisha mtaro hatua mbili au tatu kutoka shinani mti unapona. Akipita karibu akakata mizizi minene ya upande mmoja, hata kama hakuangusha mti, mvua kubwa ya kwanza itauangusha. Pevingi nazo, bomoeni kuzunguka shina angalau mita moja kila upande, mti unywe.

Jambo moja la kufa na kupona: mti unaogusa waya wa umeme msimpandishe mtu, hata awe hodari vipi. Huo waachieni TANESCO, watu wa shirika la umeme.

MamaKivulini

Fremu_Mbili, nakushukuru kuliko wote, na natamani tungekutana kabla ya kijana wako wa alfajiri. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuhubiria watu. Nimeyaweka kando. Mzee wangu wa kitalu, shikamoo, leo jioni nimekwenda kutazama vile visiki: vitatu vya upande wa pili vimeanza kutoa vidoa vya kijani kibichi ndani ya gome. Nilidhani ni ukungu.

Irangi_Kolo

Mama, mimi ni mtu wa Kondoa, na kuna jambo letu linakuhusu.

Mwaka huohuo 1973 ulioutaja, kwetu ulianza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Milima yetu ilikuwa imeliwa na makorongo mekundu, mengine unaweza kutumbukiza nyumba. Walichimba makinga maji, wakapanda miti, haikutosha, na 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika zaidi. Babu yangu aliswaga ng'ombe wake mpaka kwa shemeji yake huko chini. Ardhi ikapona, hilo halina ubishi, nenda leo utaona msitu ambapo wazee waliona mifupa ya mlima.

Lakini nilivyokua mimi, nyumbani tuliuita msitu wa HADO. Hatukuuita wetu. Usiku watu waliingia kukata na wala hawakujisikia wezi. Kwetu kilichobadilisha ni majani: familia iliporuhusiwa kukata majani ya kulishia ng'ombe wa zizini, na mama yangu alipotundika mizinga yake miwili, ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akimfokea mtu aliyebeba shoka.

Kwa hiyo nakuuliza: huyo jirani yako anapata nini kwenye ule mwarobaini? Fundi akipogolea, kuni anachukua nani? Kama zinapakiwa kwenye gari la mtu zinaondoka, basi mti ni wa mtu huyo. Mimi ningeandika kabisa kwenye muhtasari wa mtaa kwamba kuni za kila mti ni za anayeutunza.

MwenyekitiKijiwe

Salaam mama. Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kipo Ipagala, tuko pikipiki 14. Hakuna aliyetuhamasisha kupanda mti. Tulichoka jua, 2019 tukapanda miwili, mwarobaini na mjohoro. Utaratibu wetu ni mwepesi: anayefika wa kwanza asubuhi anamwaga nusu dumu, asipomwaga analipa 500 kwenye mfuko wa kijiwe. Mbuzi akija, kuna mtu. Mtu wa matangazo akija na nyundo, kuna mtu. Kuna siku trafiki mmoja alitaka kuegesha gari lake juu ya mche, tukamwomba kwa adabu, akasogea.

Sasa nikuambie nilichokiona mjini kote kwa sababu kazi yangu ni kuzunguka. Miti iliyopona ina mtu chini yake mchana. Fundi viatu, mama lishe, bajaji, muuza vocha, mzee anayecheza bao. Miti inayokufa ni ile ya "wananchi wote", ile iko kama shamba la bibi. Chukua hilo daftari lako, upande wa pili wa kila mti andika nani anakaa chini yake kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Huyo ndiye mwenye mti. Mkutano wa mtaa wanakuja wenye nyumba, na wenye nyumba wengi mchana hawapo.

Na mahali ambapo hapana mtu wa kukaa, msipande kwanza. Pandeni karibu na kijiwe, kijiwe kiongezeke, ndipo msogee.

Zabibu_Hombolo

Naunga mkono kijiwe. Kuhusu kulipa: Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement kule Kenya 1977, kina mama walipewa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Hawakulipwa kwa kupanda. Mkipata mfadhili wa mtaa, mwenye duka la vifaa au kanisa au msikiti, hesabuni miche Novemba, baada ya kiangazi kupita, ndipo mtoe zawadi. Ukilipa siku ya kupanda utapata mashimo mengi na miti michache.

Na chini ya nyaya za umeme wekeni miti isiyorefuka sana. Mpera au mkomamanga. Mtoto atakayesubiri pera atafukuza mbuzi bila kutumwa.

Mpangaji_ChumbaKimoja

Mimi ni mpangaji Makole mwaka wa tatu. Sijawahi kuitwa kwenye mkutano wowote wa mtaa. Matangazo yanapelekwa kwa mwenye nyumba na mwenye nyumba yupo Dar es Salaam. Nafua kila Jumamosi, maji ya kusuuzia ndoo tatu nayamwaga mtaroni, na hatua kumi kutoka mlangoni kuna mche umekauka. Sikuwahi kufikiri kuwa nina ruhusa ya kuugusa. Tukiombwa tutafanya.

Mtendaji_Mstaafu

Kwa faida ya wote, niongeze la utaratibu, kwa ufupi.

Mti ulio ndani ya hifadhi ya barabara siyo wa mwenye nyumba wala wa fundi wa mtaro. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu chini ya TANROADS. Mkandarasi anayetaka kukata awe na barua, na wakazi wana haki ya kuomba kuiona. Pelekeni orodha ya miti yenu, mti kwa mti, kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa mazingira wa jiji na kwa wenye barabara, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala mtakayobaki nayo. Orodha yenye muhuri ina uzito. Mtu akiukata mti namba 23 anajua kuna karatasi inayosema namba 23 ulikuwepo, una kimo gani, na nani anautunza.

Mkutano wa mtaa uitishwe baadaye, kupitisha kile ambacho vijiwe vimeshakubali. Na kuni, kama alivyosema ndugu wa Kondoa, ziingie kwenye muhtasari.

MamaKivulini (mrejesho, Novemba)

Wanajamvi, niliahidi nafsi yangu sitarudi na maneno matupu. Huu ndio mrejesho.

Sikuitisha mkutano. Nilianza na daftari, saa tano asubuhi, mti kwa mti, nikimkuta mtu chini yake namsalimu na kumuuliza mti huu anauitaje. Sikutegemea majibu niliyoyapata. Kuna wazee wa bao wanaouita wao Bunge. Fundi baiskeli mmoja anajua mwaka ambao mti wake ulipigwa na radi na anaonyesha kovu. Kati ya miti 58, miti 41 ilipata mtu au kijiwe cha kuuandikia jina. Iliyobaki 17 iko mbele ya nyumba ambazo mchana zimefungwa, na hapo ndipo nilipogonga milango ya wapangaji jioni. Ndugu yangu wa Makole, ulisema kweli. Nyumba moja yenye geti la kijani ina wapangaji saba, na wote saba walisema hawakujua kama wanaruhusiwa.

Visiki 21: vitano tulichelewa, vilishachimbuliwa kwa mkaa. Vitatu vimekufa kabisa. Kumi na tatu vina vichipukizi, tulivichagua mimi na vijana wa bodaboda kama mzee wa kitalu alivyoelekeza, tukafunga vitambaa vya kitenge chekundu. Kile cha katikati, cha yule mama wa chapati, kimefika kiunoni kwangu. Nilimtafuta huyo mama, nikamkuta mtaa wa tatu. Amerudi, anakaanga chini ya mwarobaini wa jirani, na kila akiosha sufuria zake anavuka barabara na ndoo kwenda kwenye kisiki chake. Nilimwambia kisiki hakihitaji maji. Akaniambia anajua.

Orodha tuliipeleka, muhuri tulipata. Septemba walikuja mafundi wengine na mabomba. Sikuwepo. Nilisimuliwa kwamba vijana wa kijiwe walisimama, wakawaamkia, wakaomba kuona barua. Barua ilikuwepo, lakini ilihusu mtaro, haikuhusu miti. Fundi mkuu akapiga simu, wakajadiliana, mtaro ukasogezwa hatua tatu kuelekea barabarani. Miti minne ya upande ule imesimama.

Siyo yote yamekwenda vizuri. Ule mti wa genge bado unachomewa takataka. Nimeongea, mwenyekiti ameongea, mwenye genge anasema gari la taka halipiti na yeye hana pa kuzipeleka. Ana hoja, na mpaka tupate suluhisho la taka zake nahofia mti ule hautamaliza mwaka. Mtaa wa juu vilevile hakuna kijiwe hata kimoja, na watunzaji wawili nilioandika walishahama. Zege tulilibomoa kwenye mti mmoja tu. Chini yake udongo ulikuwa mgumu kama tofali, tulipomwaga ndoo ya kwanza maji yalisimama karibu robo saa yanatutazama. Ndoo ya nne ndiyo iliyoanza kuzama. Mwenye fremu alikuwa amesimama mlangoni na mikono nyuma, akaingia ndani akatoka na ndoo yake.

Mashimo tumechimba 18, yote karibu na vijiwe, isipokuwa mawili ambayo wapangaji wa geti la kijani waliyaomba wenyewe. Miche tumeahidiwa mwarobaini, mkwaju na mikomamanga ya chini ya nyaya, na miwili ya mgunga kwa sababu mzee mmoja wa Kigogo alisema mkungugu, ndivyo wanavyouita mgunga, ni wa hapa, hauhitaji kufundishwa Dodoma.

MzeeWaKitalu

Marahaba mwanangu, umenifurahisha sana. Kwenye yale mashimo, udongo uliotoa uurundike upande wa chini wa mteremko, kama nusu mwezi, maji ya barabarani yakishuka yaingie. Msipande kwa mvua ya kwanza, hiyo huwa inadanganya. Subirini ya pili au ya tatu.

MamaKivulini

Nimekuelewa mzee, tutasubiri. Jana jioni wingu lilisimama upande wa Mlimwa, watu wakatoka nje kulitazama, likapita. Madumu yapo getini kwangu. Zamu ya kesho ni ya geti la kijani.